Salamu za Darajani

Mheshimiwa Murase Eizaburo alikuja na boksi la keki za maharagwe mekundu, kama alivyokuja kila baada ya miaka minne, akavua viatu mlangoni mwa akina Hatanaka na kuvipanga mwenyewe vikaelekea nje. Diwani anayepanga viatu vyake kwa mkono wake mwenyewe, ujue ana shida. Akapiga magoti juu ya mkeka, akainama hadi kipaji cha uso kikakaribia kugusa sakafu, na magoti yake ya miaka sabini na minne yakalia kama mlango wa ghala.

"Mama Hatanaka," akasema, "nimekuja kuomba koo lako."

Alimaanisha koo hasa. Sumie Hatanaka, mke wa mtengeneza tofu, alikuwa chiriku. Ndivyo wanavyoitwa wanawake wanaokaa dirishani mwa gari la kampeni, glavu nyeupe mikononi, wakiliita jina la mgombea tangu saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, wiki nzima. Chaguzi sita alikuwa ameliita jina la Murase, na mambo yaliyosemwa juu ya sauti yake hayakuwa machache. Wapo wanaoapa kwamba Mzee Kubota, kiziwi wa masikio yote mawili, alitoka nje ya nyumba akauliza nani kamwita. Wapo wanaosema ng'ombe wa bonde la juu waliteremsha maziwa kabla ya kuguswa. Na yuko mmoja, lakini huyo hunywa, anayesema treni ya saa nne ilisimama stesheni dakika mbili zaidi ili dereva asikie mwisho wa sentensi.

"Mheshimiwa, mwaka huu..." Sumie akaanza.

"Mwaka huu najua. Nimeliona jina lake kwenye orodha."

Jina lenyewe lilikuwa la Kazune, binti wa nyumba hii, mwenye miaka thelathini na sita, mtumishi wa makao ya wazee. Alikuwa anagombea udiwani wa mji wa Irisawa kwa tiketi ya Chama cha Wali Moto. Hicho kilikuwa chama cha miaka mitatu tu, kilichoanzishwa na mpishi wa shule wa Osaka siku aliyochoka kupima nyama kwa gramu. Tokyo kilikuwa na wabunge watatu. Irisawa kilikuwa na wanachama kumi na mmoja, na ofisi ndani ya duka la kinyozi lililofungwa, ambako mikutano ilifanyika watu wameketi kwenye viti vya kunyolea wakitazamana kwenye vioo. Walitaka kodi ya manunuzi ifutwe, chakula cha shule kiwe bure, na wanaowaogesha wazee walipwe mshahara wa binadamu. Wakubwa waliwaita chama cha wenye njaa. Wao wakaitikia kwamba ndiyo, njaa wanayo.

"Homa ya mtoto hupita," Murase akasema kwa upole. "Wewe panda gari langu kama siku zote, watu waone nyumba hii haijapotewa na akili. Na zile tofu za chakula cha shule, Bwana Hatanaka, ni mia tatu kila Jumanne na Ijumaa, sivyo? Nasikia oda ya mwezi ujao wanaipitia wiki hii. Nitafurahi sana kuwaambia kwamba mambo ni yale yale."

Tokuji, mume wa Sumie, alikuwa mtu wa maneno sita kwa siku, na manne alikwisha kuyatumia asubuhi. "Chai inapoa," akasema.

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Murase alipoondoka, boksi la keki lilibaki katikati ya meza, na hakuna aliyelifungua.

Jioni Kazune alirudi kutoka kazini, akaliona boksi, akaelewa bila kuambiwa. Akaketi, akajipakulia wali, akaanza kula.

"Nenda, Mama," akasema mwishowe.

"Niende wapi?"

"Kwenye gari lake. Tofu mia tatu ndiyo umeme wetu, ndiyo maji, ndiyo dawa ya presha ya Baba. Mimi nina spika ya kukodi na kigari cha Sakashita. Sitakasirika."

"Umekwisha kasirika. Unatafuna wali kama mtu anayetafuna jina."

Kazune akacheka bila kutaka. "Basi nimekasirika. Lakini nenda."

Sumie akamtazama mumewe. Tokuji alikuwa anaondoa mfupa kwenye samaki, taratibu, kana kwamba samaki huyo angeshtaki. Kwa hiyo Sumie akaenda.

*

Kampeni ilifunguliwa Jumapili, theluji ikiwa bado juu ya mlima na maua ya micheri yakianza kufumbuka kando ya mto. Wagombea walikuwa ishirini na wawili, viti ishirini. Hesabu hiyo kila mtu aliijua: wawili tu watarudi nyumbani mikono mitupu, na mji mzima ulikuwa umekwisha kumchagua mmoja wa hao wawili.

Gari la Murase lilikuwa jeupe, jipya, lenye spika nne juu. Murase alikaa mbele, mkono nje ya dirisha. Nyuma alikaa Sumie na chiriku mwanafunzi, msichana wa chuo aitwaye Ayame. Dereva alikuwa Onuki, katibu wa Murase, mtu aliyeendesha gari kama anayebeba mayai.

"Murase! Murase Eizaburo! Tunawashukuru kwa kutupungia mkono! Asante bibi wa dirisha la juu! Asante kwa kuacha kazi shambani! Murase!"

Sauti ilitoka vilevile, laini na ndefu, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye hariri. Kila walipopita ubao wa picha za wagombea, Sumie alitazama pembeni. Nambari kumi na saba alikuwa mwanawe, na mtu aliyebandika picha ile alikuwa ameibandika ikaenda upande kidogo. Mkono ulimwasha kuinyoosha.

Saa nane mchana walifika daraja la zamani, ambapo magari mawili hayapishani mpaka moja lisogee ukingoni. Upande wa pili kilikuwa kinakuja kigari cha mizigo, kidogo, chenye bendera ya rangi ya yai na spika moja iliyofungwa kwa kamba.

"Aa," akasema Onuki.

Sasa iko desturi, na hata wagombea wanaochukiana kama paka na maji huishika. Magari mawili ya kampeni yakikutana, hupunguza mwendo na kutakiana heri kwenye spika. Ni maneno machache tu, kama watu wawili wanaovuliana kofia. Asiyeitikia huonekana hana malezi, na mtu asiye na malezi huko hapati kura hata ya mbwa wake.

Kigari kikasogea ukingoni. Kazune hakuwa na chiriku, kwa hiyo alishika maiki mwenyewe, na spika ile ikakoroma kwanza. "Mheshimiwa Murase Eizaburo na wote mlio garini," akasema, "twawaombea mapambano mema."

Murase akainamisha kichwa kwa heshima. Ayame akamtazama Sumie. Sumie akabonyeza kitufe.

"Asante sana. Mgombea Hatanaka Kazune," akasema, kwa sauti ileile ya hariri, "nawe twakuombea mapambano mema."

Salamu huishia hapo. Onuki akaanza kuachia breki. Lakini kidole cha Sumie kilikataa kutoka kwenye kitufe.

"Mgombea Hatanaka Kazune," akarudia, "alizaliwa na kilo moja na nusu. Daktari akatuambia tusimpe jina kwanza. Nikampa siku ileile, kwa sababu asiye na jina haitwi, na asiyeitwa atarudije? Miaka ishirini na minne nimeita jina la mtu mwingine mji huu mzima. La mwanangu sijaliita hata mara moja. Hatanaka Kazune! Ndiye anayewaogesha wazazi wenu! Zamu ya usiku ni mtu mmoja kwa wazee ishirini na watano! Tazameni mikono yake ilivyopasuka kwa sabuni! Hatanaka Kazune! Hatanaka..."

Kliki. Murase alikuwa amegeuka na kuzima swichi kwa mkono wake mwenyewe. Spika nne zilikuwa nzuri, alizinunua kwa pesa nyingi, na sauti ilikuwa bado inazunguka bondeni ikigonga mlima na kurudi, *Kazune, Kazune*. Wakulima walikuwa wamesimama mashambani. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika magodoro hakuyaanika tena.

"Mama Hatanaka," Murase akasema. Hakupandisha sauti hata kidogo, na hicho ndicho kilichochoma. "Nadhani umechoka. Onuki, mfungulie mlango."

Sumie akavua glavu, akazikunja moja juu ya nyingine. "Hizi ni za ofisi," akasema. Onuki akazipokea kwa mikono miwili na kuinama. Hakujua afanye nini kingine. Ayame alikuwa ameuma leso.

Kutoka gari moja hadi jingine zilikuwa hatua hamsini. Alizitembea katikati ya daraja akiwa na viatu vyake vya kisigino kifupi, mikono mitupu, bonde zima likimtazama. Wenye chumvi wanasema mto ulinyamaza. Haukunyamaza. Uliendelea na shughuli zake.

"Mama, umefanya nini?" Kazune alimpokea kwa macho makali. "Tofu za Baba! Mia tatu! Umefikiri hata kidogo?"

"Kidogo sana."

"Rudi ukaombe radhi. Mwambie ni presha."

"Presha ni ya baba yako. Mimi sina ugonjwa wa kusingizia."

Sakashita, mwenye kigari, mtu wa kupeleka vifurushi aliyekuwa amechukua likizo yake yote ya mwaka kwa ajili ya wiki ile, alitoa kichwa dirishani. "Mama, binti, mtagombana vizuri sana mkiwa ndani. Nyuma yangu kuna trekta tatu."

*

Ulimi hauhami nyumba siku moja. Jumatatu asubuhi kigari kilipita mbele ya uwanja wa kampuni ya ujenzi ya Murase mwenyewe, wafanyakazi wakiwa kwenye mapumziko ya saa nne, chai mkononi. Sumie akavuta pumzi, akafungua koo lote.

"Murase! Murase Eizaburo! Mpeni Murase nguvu zenu!"

Vikombe vya chai vikasimama hewani. Kazune akafunika uso kwa ule mshipi mpana wenye jina ambao wagombea huuvaa begani. Sakashita akakanyaga breki taratibu, akageuka.

"Mama Hatanaka," akauliza kwa adabu zote, "leo tuko upande gani?"

Sumie alihisi damu ikimpanda hadi kwenye mizizi ya nywele. Angeweza kuzima maiki. Alipofikiri hilo, kitufe kilikuwa tayari kimebonyezwa. "Samahanini sana, mabwana! Miaka ishirini na minne si siku mbili. Mwenyewe nimehama, ulimi bado haujafungasha vyombo! Hatanaka Kazune ndiye wangu, Hatanaka! Na Mheshimiwa Murase nimemtangazia bure, mwambieni hanidai!"

Kicheko kilichotoka uwanjani kilitikisa mabati. Kibarua mmoja aligonga bomba la chuma kwa nyundo, tang, tang, tang, mpaka msimamizi akatoka nje. Kufika saa sita habari ilikuwa imefika soko la samaki, na kufika jioni ilikuwa imeongezeka: alimtaja Murase mara kumi, alimtaja Waziri Mkuu, alimtaja hadi mume wa kwanza, ambaye Sumie hajawahi kuwa naye.

Tangu saa hiyo madirisha yalianza kufunguka. Watu walitaka kusikia leo atamtaja nani. Watoto walikimbia nyuma ya kigari wakiitikia, "Murase!" naye akiwajibu, "Hatanaka, nyie wajinga wangu!" Na dirisha likishafunguliwa kwa kicheko, halifungwi upesi. Kazune alichukua maiki akasema mambo mafupi. Alisema ukinunua dawa ya mtoto unalipa kodi sawasawa na anayenunua dawa ya farasi wake. Alisema yeye huwaogesha wazee kumi na wawili asubuhi moja, dakika kumi kila mmoja, na kwamba dakika kumi zinatosha kuosha gari lakini mtu hazimtoshi. Hakuwa msemaji. Alisimama na kutafuta maneno mbele ya watu, na watu wakamngoja.

*

Simu kutoka jiko la shule ililia Jumanne saa moja na nusu asubuhi, tofu mia tatu zikiwa zimekwisha kupelekwa.

"Kuanzia Ijumaa hatutahitaji," ilisema sauti ya kike. "Ni mabadiliko ya mahitaji."

"Mahitaji ya nani?" Sumie akauliza. "Watoto wameacha kula?"

"Mama Hatanaka, tafadhali. Mimi ni mtu wa kupiga simu tu."

Siku hiyohiyo kibao cha matangazo ya mtaa, kile kinachopokezwa nyumba kwa nyumba, kilitoka kwa jirani wa kulia kikaenda kwa jirani wa kushoto. Kiliruka nyumba ya Hatanaka kama mtu anavyoruka dimbwi. Sumie alimwona Bibi Ojima, mke wa mwenyekiti wa mtaa, akikipeleka kwa hatua za haraka, macho chini. Tarehe ishirini na tisa ya mwezi kulikuwa na usafi wa mitaro, na wao hawakuambiwa. Mtu asiyekaa mitaa ya huko atasema kukosa kuambiwa habari ya mitaro si balaa. Anayekaa huko anajua ni nusu ya mazishi.

Jioni Sumie alikwenda karakana, akamkuta Tokuji akiloweka soya. Aliangalia mapipa. Yalikuwa yaleyale, yamejaa vilevile.

"Baba, hizi ni za nani? Ijumaa hawataki."

"Nimesikia."

"Kwa hiyo mia tatu za nani?"

"Za atakayekuja."

Kazune, aliyekuwa amesimama mlangoni akijipaka mafuta mikononi, akaingilia kati. "Baba, usije ukagawa. Hata kipande kimoja. Familia ya mgombea ikimpa mpiga kura chakula bure, hilo ni kosa la jinai. Tutafungwa kwa tofu."

"Nitauza."

"Kwa nani, na mtaa wenyewe umetukatia salamu?"

Tokuji alikoroga maji kwa mkono. Maneno yake sita yalikuwa yamekwisha, lakini akatoa mengine, kama mtu anayekopa ya kesho. "Miaka ishirini na minne nilitengeneza tofu za Murase," akasema. "Kesho nataka kutengeneza zangu, nione zina ladha gani."

Sumie alitoka nje haraka, akasimama uani, akajifanya anaangalia nguo kwenye kamba. Hazikuwapo nguo.

*

Jumatano alfajiri, saa kumi na moja na nusu, mlango wa uani uligongwa kwa kucha. Alikuwa Bibi Ojima, ushungi hadi kwenye nyusi, sufuria mkononi.

"Nipe mbili," akanong'ona. "Sijaja."

"Hujaja," Sumie akakubali, akamchotea mbili.

Bibi Ojima akalipa, akaondoka hatua tatu, akarudi. "Mwanangu yuko Saitama. Ana kazi mbili. Ana miaka arobaini na hawezi kuoa, anasema ataoa kwa mshahara upi. Sijasema kitu."

"Hujasema."

Baada yake hakuja karani wa benki. Kisha hakuja mama yake Ayame, ambaye alinunua tatu na kuuliza kama koo la Sumie linapenda asali. Hakuja kibarua mwenye nyundo, na huyo alikula moja palepale amesimama, kwa mchuzi wa soya na kitunguu, akasema msimamizi wake naye hatakuja kesho, nusu saa baadaye, ili wasikutane. Alhamisi watu arobaini hawakuja. Tokuji alitengeneza njia kwa mbao juu ya matope ya uani, ili wasiokuja wasiteleze.

"Mama," Kazune akasema asubuhi ile, akitazama nyayo kwenye mbao. "Hizi ni kura?"

"Hizi ni tofu."

"Lakini unafikiri..."

"Mtu akiogopa kuonekana akinunua tofu, na bado akanunua, mimi nafikiri kitu. Sitakisema. Vaa mshipi wako, umeenda upande."

Ijumaa, siku ambayo gari la tofu lilikuwa liende jiko la shule, zilibaki mia na hamsini. Tokuji alizikaanga nyingine, nyingine akaziweka kwenye chumvi, na usiku walikula tofu kwa tofu. Sumie alijua hesabu hiyo haitabeba nyumba mwezi mzima. Alijua pia kwamba Kazune akishindwa, hatakuwa ameshindwa peke yake. Mlango wa uani utanyamaza, kibao kitaendelea kuruka, na mtaa utasema kwa miaka ishirini: unakumbuka yule chiriku aliyeuza riziki ya mumewe darajani? Alilala akisikiliza koo lake, lililoanza kukwaruza.

Jumamosi, siku ya mwisho, saa moja asubuhi, jua limekwisha kutoka na watu wakifagia mbele ya nyumba zao, mtu alisukuma mlango wa mbele. Kengele ya mlango huo ilikuwa haijalia tangu Jumapili. Alikuwa Bibi Ojima. Ushungi hakuvaa, nywele alizitengeneza, na kikapu chake kilikuwa kikubwa kuliko kawaida.

"Nimekuja!" akasema, kwa sauti ambayo Mzee Kubota angeisikia. "Tofu nne, tafadhali. Na kibao cha mtaa hiki hapa. Kilipotea njia."

Nyuma yake walikuwa wamesimama watu sita, barabarani, mchana kweupe, kila mtu akitazama kisogo cha mwenzake kana kwamba ni foleni ya posta. Mumewe Bibi Ojima, mwenyekiti wa mtaa mwenyewe, alikuwa upande wa pili wa barabara akifagia mahali pamoja tu, mpaka pakang'aa.

Siku ile Sumie aliita tangu saa mbili hadi saa mbili. Aliita sokoni, aliita mashambani, aliita mbele ya ofisi ya Murase, na hakukosea jina hata mara moja. Dakika tano kabla ya mwisho, mbele ya stesheni, alifungua mdomo kwa "Kazu..." na kukatoka upepo mtupu. Akajaribu tena. Upepo. Kazune akachukua maiki polepole mkononi mwake.

"Huyu ni mama yangu," akawaambia watu. "Leo amemaliza sauti yake. Zilizobaki dakika nne nitaziita mwenyewe. Mimi ni Hatanaka Kazune."

*

Watu walipiga kura Jumapili. Irisawa huhesabu kura siku inayofuata, Jumatatu asubuhi, ndani ya ukumbi wa michezo wa shule, ili makarani walale. Sumie na Tokuji walikaa juu, kwenye benchi za watazamaji, kati ya watu waliowasalimu na watu waliojifanya wanatafuta miwani. Kazune hakuwapo. Likizo yake iliisha Jumapili, na kazini kulikuwa na upungufu wa watu wawili.

Karani aliandika matokeo ubaoni, jina moja baada ya jingine. Murase, aliyezoea kuwa wa kwanza, alikuwa wa nne. Alikuwa ameketi safu ya mbele, mgongo wima, na alipoona akainama kuushukuru ubao. Wa kumi. Wa kumi na tano. Wa kumi na nane. Sumie alishika mkono wa mumewe, ambao haujawahi kuwa mkavu tangu walipooana. Wa kumi na tisa hakuwa mtoto wao.

Wa ishirini: Hatanaka Kazune, kura mia sita na kumi na nane.

Aliyemfuata, wa kwanza kukosa, alikuwa na mia sita na tisa.

"Tisa," Tokuji akasema. Benchi za nyuma mtu alipiga makofi, kisha wengi wakapiga, na Sakashita alikuwa analia bila kujificha huku akimkumbatia mtu asiyemjua. Chini, Murase alisimama kuondoka. Alipofika usawa wao aliinua uso, akasita, akainamisha kichwa kidogo. Sumie naye akainamisha. Mia tatu za shule hazikurudi kwa kuinamiana huko, na wala hakuna aliyetazamia zirudi.

"Nenda kamwambie," Tokuji akasema. "Nitakupeleka."

Sumie akaonyesha koo lake.

"Basi mwoneshe."

Kwenye makao ya wazee ulikuwa wakati wa chakula cha mchana. Meza ndefu mbili, wazee ishirini na watano, watumishi wawili. Kazune alikuwa amepiga goti kando ya Mzee Yoshinari, aliyekuwa msimamizi wa stesheni enzi zake, akimlisha uji wa wali kwa kijiko. Aliinua macho, akamwona mama yake mlangoni na machozi usoni, akabadilika rangi.

"Ngapi?"

Sumie akainua vidole tisa.

"Tumekosa kwa tisa?"

Sumie akatikisa kichwa kwa nguvu kukataa, akanyoosha mkono juu, juu zaidi, akasimama kwa ncha za vidole mpaka kiatu kimoja kikamtoka. Mtumishi wa pili akapiga kelele, akaangusha trei. Kijiko cha Kazune kikasimama hewani katikati ya bakuli na mdomo wa mzee, na yeye akabaki hivyo, hasogei, uji ukidondoka kwenye kitambaa.

Mzee Yoshinari alifungua mdomo, akangoja. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Binti," akasema, "diwani au si diwani, mdomo wangu uko wazi."

Kazune akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na kijiko kikaingia mahali pake. Meza ya pili walikuwa wamebaki wazee saba ambao hawajaanza kula, na mmoja wao alikuwa akigonga sahani. Sumie akavaa kiatu chake, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akafunga aproni iliyokuwa imetundikwa mlangoni, akaenda kushika bakuli la kwanza.